Mita Nane

Bogumiła anabonyeza do,
na do haiji.
Kisha inakuja, imevaa koti, imechelewa,
kama mgeni aliyepotea kwenye ngazi za ghorofa.

Nje, Łódź ina theluji ya matope;
tramu inakata kona ikilia chuma kwa chuma.
Piano ya kweli aliiuza mwaka ule wa bili za joto.
Sasa ana kinanda cha plastiki, waya mmoja,
kompyuta kuukuu ya mpwa wake, bawaba ina ufa,
na ndani yake kadi ya sauti iliyozaliwa nayo,
kadi isiyojua muziki ni kitu gani,
iliyofunzwa kulia ting barua pepe ikiingia.
Hedifoni ni kwa ajili ya Bwana Wincenty wa chini,
anayelinda ghala usiku na kulala mchana.

Kawia ufike, walisema wahenga.
Lakini wahenga hawakupiga mazurka
vidole vikiwa mbele, masikio yakivifuata nyuma.
Hapa anayekawia hukuta karamu imekwisha,
viti vimepinduliwa juu ya meza.

Gniewosz anapiga simu kutoka Szczecin:
"Shangazi, fungua mipangilio. Tafuta bafa. Inasema ngapi?"
"Elfu moja na ishirini na nne."
"Basi sampuli zote hizo lazima zijae kwanza
ndipo sauti itoke. Milisekunde ishirini na tatu."
"Ndiyo nini hiyo?"
"Ni kama piano iko mita nane kutoka ulipoketi."

Mita nane.
Anazijua mita nane.
Katika ukumbi wa kufuma, kabla kiwanda hakijafungwa,
ndizo zilizokuwa kati ya mashine yake na ya Halszka,
na kelele katikati, nene kama blanketi la jeshi.
Walizungumza kwa midomo mitupu.
Mzaha wa Halszka ulifika kwa macho;
kicheko chake kilibaki kule kule, kikasagwa na vyuma.
Miaka kumi na tisa, na sauti yenyewe
aliisikia kituoni tu, wakingoja tramu,
na saa hiyo wote wawili walikuwa hoi.

Anashusha. Mia tano na kumi na mbili: do inasogea.
Mia mbili hamsini na sita: imevua koti.
Sitini na nne,
na sauti inakatika, kra, kra,
uzi mwembamba mno kwa mvuto wa mashine.

Hapa hahitaji simu. Mfumaji anajua:
uzi ukikatika usiulaumu uzi peke yake,
tazama nini kingine kinauvuta.
Anazima waifai. Anafunga utabiri wa hewa,
mapishi ya kabichi, mchezo wa karata
ulioachwa wazi tangu Jumapili.
Anachomeka chaja, anaikataza kompyuta kubania umeme.
Anaondoa mwangwi wa kanisa
aliouongeza siku moja kwa kujidekeza.
Anabadilisha draiva, akifuata karatasi ya Gniewosz
iliyobandikwa kwenye friji tangu Pasaka.

Sitini na nne bado inakwaruza.
Haya. Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba kikiwa kidogo kupita kiasi
hukauka kabla mkono haujarudi na maji.
Mia moja ishirini na nane.

Kimya.
Do.

Milisekunde tatu, kasoro kidogo. Mita moja.
Upana wa benchi la kituoni:
mtu kando yako, chupa ya chai magotini,
pumzi yake inaonekana kwenye baridi.

Anaianza mazurka. Mkono wa kushoto unatii.
Wa kulia, mahali pale pale pa siku zote, unateleza,
kibonye cheupe badala ya cheusi,
na kosa, kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze,
linafika kwa wakati.